Mlinzi wa Lango la Chumvi

Yokohama, 3 Mei 1999

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Muzna binti Matar, kwa mdogo wangu Hisham, na kwa kila aliyeketi ukumbini Ijumaa hii kusikiliza,

Shikamoo Mama. Natumai goti limekupa nafasi ya kusali bila ya kiti, na kwamba mafuta niliyokuletea kwa mkono wa baharia yamefika hayajafunguliwa. Mimi ni mzima. Kazi yangu ni ile ile: kuyaosha magari yaliyotumika na kuyaandikia namba kabla hayajapandishwa melini. Macho yamechoka kwa namba hizo hata nimeandikiwa miwani. Nikijitazama kwenye kioo cha gari namuona kadhi.

Najua kwamba barua hii inasomwa na Hisham kwa sauti, baada ya sala ya alasiri, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yetu tangu enzi ya marehemu baba. Najua pia kwamba Mama umezihesabu karatasi kabla ya kumkabidhi, asije akaruka hata moja. Basi nazitaja mwenyewe: karatasi ni mbili. Ya kwanza ni yenu nyote. Ya pili inahusu mchezo, nayo ni ya Hisham peke yake. Mama akitaka isomwe, isomwe, lakini atachoka.

Nawasalimu jirani wote, na hasa Bwana Usi, ambaye najua amekaa karibu na sinia la kahawa.

Mwanao, Turki

Karatasi ya mchezo

Hisham, ndani ya buti la gari jeupe litakalopokelewa bandarini na Bwana Shamsi utakuta sanduku. Mna televisheni ndogo, mashine ya kijivu, na kaseti yenye picha ya mtu mwenye upanga. Usizichomeke ukutani moja kwa moja, kwa kuwa umeme wa huku ni nusu ya wetu na zitaungua. Zipitishie kwenye transfoma niliyoizungushia taulo. Mchezo wenyewe, kwa alivyonisomea Mzee Morita, mlinzi wa uwanja wetu wa magari, unaitwa Lango la Chumvi. Nimeupata katika duka la vitu vikuukuu na una ila moja: betri iliyomo ndani ya kaseti imekufa, hivyo haukumbuki chochote. Ukiuzima, yote uliyoyashinda yamepotea na unaanza upya.

Mzee Morita ameniapia kwamba kwa mkono wa kulia unahitaji kidole gumba tu. Ndiyo maana nikauchagua huu.


Malindi, Unguja, 25 Julai 1999

Kaka yangu Turki,

Shikamoo. Mama amenitaka nianze kwa kukujulisha kwamba alikuitikia marahaba kwa sauti, mbele ya watu, na kwamba miwani haimtishi mtu aliyekuuguza surua. Goti limetulia. Ule ukuta wa nyuma uliokuwa umevimba umeanguka wenyewe siku ya mvua, haukumjeruhi mtu. Mimi nimepata kazi ya kutunza stoo katika hoteli moja ya Uroa. Hukaa huko siku nne na kurudi mjini Alkhamisi.

Kificho bado anakuja kila Ijumaa. Siku hizi anapakia magunia ya mwani kwenye malori kule Kiwengwa, na hakosi kuleta pweza mkavu aliyefungwa kwa ukindu. Hukaa mlangoni mpaka aitwe. Kisha humwambia Mama maneno yale yale: "Bi Muzna, nisamehe kwa mkono wa mwanao." Kwani ndiye aliyekuwa akizungusha gurudumu la mashine yetu ya miwa pale Forodhani, siku vidole vyangu vitatu vilipokwenda, naye hajaisahau siku hiyo hata wiki moja. Mama humjibu, "Nshakusamehe, mwanangu. Njoo ukae, chai inapoa." Ukitaka akusikie, msemeshe upande wa kulia. Sikio la kushoto halikurudi tangu watu walipompiga.

Mama amegundua kwamba katika barua zako zote za miaka mitatu hujamuulizia Kificho hata mara moja. Ameniamrisha niliandike hilo, nami nimeliandika.

Mdogo wako, Hisham

Karatasi ya mchezo (Mama amesema, "Hayo ya mashetani yenu msinisomee.")

Kaka, mchezo huu ni mkali kupita nilivyodhani. Mtu wangu ni mdogo, amejifunga kitambaa chekundu kichwani, na kila anachokutana nacho kinataka kumla. Kuna mbwa wa mifupa: ukimpiga anavunjika vipande viwili, na kila kipande kinakurukia shingoni. Kuna jitu la vichwa viwili. Nilipolikata kichwa cha kushoto, cha kulia kiliinama, kikakitafuna kilichoanguka, na jitu likarudi na nguvu maradufu. Nililiua mara ya kumi na tisa, kwa kulichoma chini ya kwapa, na lilipoanguka lilimlalia mtu wangu, tukafa sote wawili.

Kificho hukaa ubavuni mwangu akapiga kelele kuliko mimi. "La mbavu! Mpige la mbavu! Unamwonea huruma ya nini, mwenzio anakuhurumia?" Lakini rungu likishuka yeye hufumba macho, akalishika sikio.

Kila mkubwa wao akifa hutokea maandishi. Nimeyanakili kwa penseli, msitari kwa msitari, kama fundi anayechonga nakshi asizozijua. Kurasa tatu hizi hapa. Niambie wanasema nini.


Yokohama, 22 Agosti 1999

Mama yangu mpenzi, na nyote mlioketi,

Shikamoo Mama. Nimefurahi kwamba goti limetulia, na kwamba ukuta umeanguka bila ya kumdhuru mtu. Nimefurahi kwa kazi ya Hisham. Pweza mkavu nimemkumbuka mno. Huku pweza huliwa akiwa laini, hana ladha ya jua.

Joto la mji huu linashinda la kwetu, kwa sababu halina upepo. Juzi gari lilimponyoka mwenzetu kwenye jeki likamkandamiza mguu. Tulilinyanyua watu sita. Nililisikia goti lake likipasuka, na kwa siku mbili sikuweza kula.

Dua zenu nazihitaji.

Turki

Karatasi ya mchezo

Mzee Morita amezisoma kurasa zako akasifu mkono wako. Ya kwanza ni mganga: "Tafuna jani hili, damu itarudi." Ya pili ni jitu la vichwa viwili: "Nilikuwa na njaa tu." Ya tatu ni mfalme aliyekatwa ulimi, naye ameandika mchangani: "Nenda kaskazini, kwenye lango. Huko wote husimama." Endelea.


Malindi, Unguja, 19 Septemba 1999

Kaka Turki,

Shikamoo. Barua yako ilisomwa mbele ya watu kumi na wawili. Nilipofika penye pweza, Mama alininyooshea mkono nisite. Akasema, "Amemkumbuka pweza. Aliyemleta hakumkumbuka." Bwana Usi akacheka, Mama akamtazama, naye akakinywa kicheko chake pamoja na kahawa. Kificho alikuwepo. Alisema, "Msimlaumu, Bi Muzna. Mtu akimuumiza ndugu yangu, nami sitaki kumtaja."

Hayo ndiyo aliyoyasema, na nimeyaandika kama yalivyo. Mengine yote ni salama.

Hisham

Karatasi ya mchezo

Nimefika langoni. Nchi yote ni nyeupe, chumvi mpaka upeo wa macho, na chini yake mna watu waliozikwa wima. Ukipita juu yao wanakukamata vifundo vya miguu. Niliwakata mikono, mmoja baada ya mmoja, mpaka upanga ukawa butu na nikawa napigia mpini. Mwishowe likatokea lango, na mbele yake mtu aliyevaa chuma cheusi, kashika rungu la chuma. Huyu hakunipiga. Alisema maneno marefu, kisha chini ya kioo ikatokea mistari miwili mifupi, na mshale unaosubiri nichague mmoja.

Nimeogopa kubonyeza. Nikikosea, narudi mwanzo. Nikiuzima, narudi mwanzo. Basi tangu siku tisa mashine inawaka usiku na mchana, Mama ameifunika kanga, na kila taa ikitetemeka moyo unanishuka. Kificho amemtazama yule mlinzi akasema, "Rungu lile nalijua." Nilimuuliza analijuaje. Akaniambia, "Nalijua kwa uzito."

Nimenakili kila herufi. Fanya haraka.


Yokohama, 20 Oktoba 1999

Mama yangu mpenzi, na nyote mlioketi,

Shikamoo Mama. Baridi imeanza. Mimi ni mzima, na sina jipya la kukueleza isipokuwa kwamba barua za nyumbani nazisoma mara nyingi. Kila mtu mliyemtaja nimemsoma.

Turki

Karatasi ya mchezo

Hisham, soma hapa polepole. Mlinzi wa lango anasema:

"Mimi ni mkubwa wako wa tumbo moja. Ulinicheka mbele ya watu, na kicheko chako kikanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Niliukamata mkono wako, nikautia penye chuma kinachozunguka. Kisha nikamnyooshea kidole mtu mwengine. Tangu siku hiyo nimesimama hapa, na kila anayepita nadhani ni wewe."

Mistari miwili ya chini ni majibu. Wa juu: Muue. Wa chini: Mwache. Mzee Morita anasema ukichagua wa juu hatajikinga.

Nakushauri uchague wa juu.


Malindi, Unguja, 28 Novemba 1999

Kaka Turki,

Shikamoo. Ramadhani iko mlangoni na Mama ameanza kupepeta ngano ya boko boko. Barua yako fupi ilisomwa. Waliosikiliza waliona ni ya mtu aliyechoka, wakakuombea.

Hisham

Karatasi ya mchezo

Umeme ulikatika siku ya ishirini. Nilianza upya tangu mbwa wa mifupa, na nilikuwa nimefika tena langoni barua yako ilipoletwa. Niliisoma nimesimama. Sikuchagua wa juu wala wa chini.

Wiki ile ile alikuja mgeni wa Kijapani hotelini, bibi wa makamo, na kwa kuwa nakala ya maandishi niliyojiwekea ilikuwa mfukoni nilimuomba anisomee. Aliisoma, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka kwa adabu. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba mlinzi anasema: "Ukilipita lango hili hakuna kurudi. Je, uko tayari?" Msitari wa juu ni "Ndiyo." Wa chini ni "Bado."

Basi. Hakuna ndugu wala kicheko. Nilikwenda nyuma ya stoo nikakaa juu ya gunia la mchele mpaka nilipoitwa kazini.

Kwa kuwa wewe umesema kwa kinywa cha mwengine, mimi nitasema kwa changu.

Ilikuwa Idi pili ya Mfunguo Mosi, mwaka 1996, jua halijazama, Forodhani imejaa nguo mpya. Wewe ndiye uliyekuwa ukiitwa kusema katika kila harusi ya mtaa, na mimi siku ile, huku nikisukuma miwa kwenye mashine, nikaigiza hotuba yako. Niliinua kidevu kama wewe. Nilisema, "Waheshimiwa mabibi na mabwana, muwa huu haukuja peke yake." Wakacheka. Msichana uliyekuwa ukimtazama akacheka zaidi ya wote. Hukunitukana. Ulitabasamu, ukanijia kwa upande, ukanishika kifundo cha mkono na kukisukuma baina ya zile roli mbili za chuma zinazokamua muwa, ukakishikilia.

Kificho alikuwa ametupa mgongo, anazungusha gurudumu kwa nguvu zake zote na kuita, "Baridi! Miwa baridi!" Nilisikia mifupa kabla ya kusikia maumivu. Ilialika mmoja mmoja, kama kuni mbichi. Ndoo ya juisi ikageuka rangi, na mtoto mmoja alikuwa bado ameshika bilauri anasubiri zamu yake.

Kisha ukasema. Nakiri, hukupata kusema vizuri kuliko siku ile. "Kificho! Umemla ndugu yangu! Tulikupa kazi, tukakupa sahani, nawe unazungusha huku unatazama wanawake!" Sentensi tatu, na watu wakazijibu. Walimpiga kwa miwa mpaka miwa ikachanika. Walimpiga kwa benchi. Alijikunja, hakuinua mkono hata mmoja, akawa anasema, "Sikuona, jamani, sikuona." Wewe ndiye uliyechomoa mpini wa gurudumu. Wewe ndiye uliyempiga nao penye sikio, mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameshalala. Damu ilimtoka puani na sikioni kwa pamoja. Mimi niliyaona yote, nimekaa chini nimeukumbatia mkono wangu.

Na sasa langu. Hospitali Mama aliniuliza, "Nani?" Nikajibu, "Kificho hakuona." Lilikuwa neno la kweli, nami nililichagua kwa sababu litaeleweka vibaya. Miezi miwili baadaye ulisafiri. Vidole vilikuwa vimeshakwenda, sikutaka nawe uende moja kwa moja. Kwa hiyo miaka yote hii nimekula pweza wa mtu huyu.

Sitaki tena karatasi za mchezo. Andika barua ya ukumbini. Iandike kwa ile sauti yako, uilete Ijumaa yoyote, na nitaisoma akiwa amekaa. Usipoiandika wewe nitaiandika mimi, nami sina ufasaha wako. Nitayataja mambo kwa majina yake tu.


Yokohama, 30 Desemba 1999
(kadi ya posta)

Mama, shikamoo. Nawatakieni Idi njema. Kazi ni nyingi. Nitaandika. Turki.


Yokohama, 13 Februari 2000

Karatasi ni moja. Ya mchezo hakuna.

Kwa mama yangu, Bi Muzna binti Matar. Kwa mdogo wangu Hisham, ninayemuomba asome bila ya kupunguza. Kwa Bwana Usi na jirani wote. Na kwa Kificho wa Tumbatu, ambaye naomba akalishwe upande ambao sikio lake la kulia litamuelekea msomaji. Kama hayupo, barua hii ikunjwe ingoje mpaka awepo.

Shikamoo Mama. Assalamu alaykum nyote.

Mmezoea kunisikia nikisimama mbele yenu siku za furaha. Mlikuwa mkinikopesha masikio yenu, nami nikiwarudishia maneno mazuri, na katika mapatano hayo nikajifunza jambo moja baya: kwamba watu wakishakuamini, hawatazami tena mikono yako, wanatazama mdomo. Siku ya Idi pili, mwaka 1996, nililitumia jambo hilo.

Mkono wa Hisham haukuvutwa na mashine. Niliuingiza mimi. Niliushika kwa mkono wangu wa kushoto, nikaushikilia mpaka roli zikakwama, kwa sababu aliwafanya watu wanicheke. Hakuna sababu nyengine. Nimeitafuta kwa miaka minne, ili nipate kuja nayo mbele yenu, na sikuipata.

Kificho alikuwa akifanya kazi tuliyomuajiri aifanye. Alikuwa ametupa mgongo kwa kuwa gurudumu lilikuwa upande ule. Hakuzungusha kabla ya wakati wala baada ya wakati. Mimi nilimtaja, nanyi mkanisadiki. Baadhi yenu mlioketi hapa mlimpiga. Siwataji, kila mmoja anajua alishika nini. Kilichomtoboa sikio kilikuwa mkononi mwangu, na nilipiga mara ya pili nikijua kwamba tangu ya kwanza hasikii tena.

Kificho, hukumuumiza mtu. Kila Ijumaa uliyoomba radhi uliniombea mimi.

Nikamkimbia mama yangu nikasema ni safari ya kutafuta riziki. Nikamletea ndugu yangu mchezo wa kidole gumba. Nikakiri kwa kinywa cha zimwi la kwenye televisheni, kwa sababu zimwi halina mama aketiye akisikiliza.

Ikiwa Kificho atataka kwenda kushtaki, barua hii na iwe ushahidi wake. Chini ya jina langu nimetia dole gumba, ili pasiwe na wa kusema kwamba imeghushiwa.

Sina dua ya kuomba leo.

Turki bin Hamdun


Malindi, Unguja, 5 Machi 2000

Kaka Turki,

Shikamoo. Mama ni mzima, na amekataa nikuandikie kwamba amekuitikia. Goti limevimba tena, na sababu yake utaisoma chini.

Barua yako ilisomwa juzi Ijumaa. Mama alizihesabu karatasi, akasema, "Moja?" Nikasema, moja. Nilimkalisha Kificho kushoto kwangu, sikio lake zima likinielekea. Nilisoma bila ya kupunguza, na kwa kuwa uliandika vizuri sauti yangu ilijiinua yenyewe, mpaka nikajichukia.

Nilipomaliza niliikunja karatasi. Kificho akasema, "Rudia." Nikarudia yote. Akaniuliza, "Nilikuwa nazungusha?"

"Ulikuwa unazungusha. Hukukosea kitu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile ile?"

"Tangu siku ile ile."

Akamgeukia Mama. "Bi Muzna, mimi nnakuja hapa miaka minne. Nnakuomba radhi ya kitu gani?" Kabla Mama hajajibu alinigeukia akanipiga. Ngumi moja, ya mtu anayenyanyua magunia. Ilinipata mdomoni. Nilianguka juu ya sinia la kahawa, meno mawili yakatoka, moja nimelimeza. Bwana Usi na wenziwe wakaruka, mmoja ameshamkamata Kificho kwa kola, mwengine ameshika kiti. Yaani, kaka, ilikuwa Forodhani ile ile, imehamia ukumbini.

Mama akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake. "Kaeni! Usi, weka kiti! Mara ya kwanza tulimgusa wote, leo asiguswe na mtu!"

Wakakaa. Kisha akateremka kitini mwenyewe, akakataa kushikwa, akapiga goti lile bovu juu ya sakafu, juu ya kahawa iliyomwagika, mbele ya Kificho. Akasema, "Kificho, nisamehe kwa sikio lako."

Kificho aliinama. Alimshika Mama mikono miwili, akamwinua, akamkalisha kitini. Akaingia chumbani mwangu.

Nilimfuata na kitambaa mdomoni. Mashine ilikuwa inawaka, kwa kuwa tulikwisha fika tena langoni wiki ile, na yule mlinzi amesimama anasubiri. Kificho ameshika remoti ya mchezo, vidole vimemchubuka. Akaniuliza, "Hivi kumbe anasema nini huyu?"

Nikamwambia, anauliza kama uko tayari.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Na sisi tumemuogopa tangu mwaka jana!" Akabonyeza wa juu. Rungu likashuka hapo hapo. La kwanza lilimvunja mtu wetu mabega, la pili likamtenga na miguu yake, la tatu lilipiga kitambaa chekundu peke yake kwenye chumvi. Kioo kikawa cheusi, likarudi jina la mchezo kama siku ya kwanza. Mara hii Kificho hakufumba macho. Alicheka, kaka. Alicheka mpaka machozi, nami nikacheka, damu inanitoka, na kule ukumbini nadhani walituona wendawazimu.

Alipotulia akasimama. Akaniambia, "Yako nshakupa. Ya kaka'ko ninayo hapa." Akaninyooshea ngumi, si kwa kunitisha, bali kama mtu anayekuonesha kitu alichokihifadhi. "Polisi siendi. Polisi watampiga wao, na mimi sikuwaajiri. Na hii siwezi kuitia kwenye bahasha. Mwambie aje aichukue mwenyewe."

Akatoka. Alipopita jikoni aliomba pweza wake, Mama akampa, akaondoka naye.

Mimi nilichokuwa nacho cha kukuambia nimekuambia.

Hisham


Yokohama, 9 Aprili 2000

Mama yangu mpenzi, na nyote mlioketi,

Shikamoo Mama. Si lazima uitikie.

Nimeacha kazi, na Mzee Morita amenipa skafu ambayo kwetu haina matumizi. Nitatua Unguja Ijumaa, tarehe 12 Mei, inshallah kabla ya alasiri. Uwanjani asije mtu isipokuwa Mama, kama goti litakubali, na Kificho, kama atapata ruhusa Kiwengwa. Chakula msiniwekee. Hotuba sikuandaa.

Nimeulizia huku, nikaambiwa kioo cha miwani kikivunjika huingia jichoni. Kwa hivyo nikishuka kwenye ngazi ya ndege nitaivua, nimpe Mama aishike, kisha nitasimama.

Turki